Vichwa elfu moja kwenye bango: nilivyoelezwa kipimo cha tezi dume Ngamiani

Nianze na baiskeli, maana ndiyo iliyonirudisha nyumbani siku ya kwanza.

Nilifika kliniki saa mbili na nusu asubuhi, pindo la suruali nimelibana kwa raba, jasho linanitoka. Ni kliniki ndogo ya mtu binafsi huku Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara zetu za namba. Jina lake siliandiki, kwa sababu nina ya kuisifu na nina ya kuisema. Nikamwambia nesi nimekuja kupima saratani ya tezi dume, kile kipimo cha damu. Hakuniangalia usoni, aliangalia raba.

"Shikamoo baba. Umekuja na baiskeli?"

"Marahaba mwanangu. Tanga hii nije na nini?"

"Na jana je?"

"Jana nilikwenda nayo Pongwe kumjulia hali shemeji, nikarudi."

"Basi leo damu sikutoi."

Akanieleza. Hicho kipimo, PSA, kinapima protini inayotengenezwa na tezi dume, na protini hiyo hupanda kwa mambo mengi ambayo si saratani. Tezi ikivimba kwa uzee tu, inapanda. Ukiwa na maambukizi ya njia ya mkojo, inapanda. Na kiti cha baiskeli kikikaa kinakandamiza mahali penyewe safari nzima, nacho kinaweza kuipandisha. Kwa hiyo wanataka siku mbili bila baiskeli. Kuna na jambo jingine la siku mbili, hilo alilisema kwa sauti ya chini akitazama dirishani, nami nikamjibu kwamba halina shida, mama watoto yuko Lushoto kwa mjukuu, hii wiki ya pili.

Miaka yote hii nasikia matangazo ya "wanaume jitokezeni mpime", na sijapata kumsikia mtu akisema shuka kwenye baiskeli kwanza. Tena Tanga! Nikageuka niondoke, nimenuna kidogo, ndipo akaniita.

"Baba, usiondoke bure. Kaa dakika ishirini nikuonyeshe bango, ndiyo uamue kama unataka kurudi."

Hilo bango ndilo ninalotaka kulizungumzia.

Kwanza mjue anayesema ni nani. Nimekula kwa brashi miaka thelathini na nne. Vibao vya vinyozi, majina ya mashua, milango ya maduka, migongo ya magari. Ule msemo wetu wa "Waja leo waondoka leo" nimeuandika mara nyingi kuliko nilivyoandika jina langu. Kazi imekufa, siku hizi mashine inachapa tangazo kabla chai haijapoa, lakini jicho halijafa. Nikiona picha yoyote inayotangaza kitu, cha kwanza natafuta inataka kuniuzia nini.

Ni bango kitita, wengi mtakuwa mmeyaona kliniki ya wajawazito: karatasi nene zimeshikwa kwa ringi juu, linasimama mezani kama hema. Upande wa mgonjwa picha, upande wa nesi maandishi ya kumkumbusha la kusema. Nilitarajia yale yale ya siku zote, mwanamume kashika kiuno, mshale mwekundu, mrija umebanwa, tezi imechorwa kubwa kama embe dodo. Sivyo. Ukurasa wa kwanza ni vichwa tu. Vichwa vya wanaume, vidogo, rangi ya kijivu, vimepangwa kwa safu. Nikavihesabu, hayo ni maradhi ya kazi. Safu 25, kila safu vichwa 40. Elfu moja kamili, hakuna kilichochakachuliwa.

"Hawa ni wanaume elfu moja wa miaka 55 mpaka 69," nesi akasema. "Hawana dalili yoyote. Tuwapime wote, tuwe tunarudia, tuwafuatilie miaka 13 hivi. Nikifunua utaona yanayowapata."

Kabla hajafunua akaniuliza tena kama kweli sina dalili. Mkojo kukatika, kuamka usiku kila saa, damu. Mwenye hayo, akasema, bango halimhusu, huyo anapelekwa kwa daktari akaonwe kama mgonjwa, habari ya kuangalia vichwa haipo. Nimependa hilo. Wako wazee nawajua wamekaa na mkojo wa matone mwaka mzima wakisubiri siku ya upimaji wa bure.

Akafunua. Safu sita za juu zimegeuka manjano. Hao ni 240, kipimo chao kimelia, yaani PSA iko juu, wanatakiwa waende mbele, mara nyingi kutolewa vinyama kwa sindano kwenye tezi. Akafunua tena: katika wale wa manjano, safu mbili na nusu zimekolea zikawa rangi ya chungwa. Hao 100 ndio waliokutwa na saratani. Waliobaki manjano, safu tatu na nusu, vichwa 140, walilala macho na wakachomwa sindano, na saratani haikuonekana.

Pale nilinyamaza. Siyo kwamba sijawahi kuambiwa kwamba kipimo kinaweza kukosea. Nimeambiwa. Lakini "kinaweza kukosea" ni maneno, yanapita. Safu tatu na nusu za watu wanaokutazama hazipiti.

Ukurasa uliofuata ndio uliochorwa na mtu anayejua kazi. Katika wale 100 wa rangi ya chungwa, wamo baina ya 20 na 50 ambao saratani yao isingewadhuru maisha yao yote. Inakwenda pole pole hivi kwamba mtu anazikwa nayo, lakini siyo iliyomzika. Sasa "baina ya 20 na 50" unaichoraje? Mimi ningekwama. Huyu amechora ishirini kwa mstari uliokolea, thelathini wanaofuata mstari unafifia, unafifia, mpaka kichwa cha mwisho hukioni vizuri. Nilimwambia nesi aniachie ukurasa ule niutazame. Kutojua kumechorwa pale, na hakuna herufi hata moja iliyotumika.

Halafu matibabu. Safu mbili kamili, wanaume 80, wanaishia kwenye upasuaji au mionzi, mapema au baadaye. Katika hao, 50 wanapata shida ya nguvu za kiume na 15 mkojo unawavuja. Hapa nina kosa la kulitaja: bango limewachora mbali mbali, kundi hili kushoto, kundi lile kulia, wakati nesi mwenyewe alisema mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili. Picha inakufanya ujumlishe. Wangewachora wamepandana kidogo pembeni, ingetosha.

Na faida? Faida iko kwenye ukurasa ulionifanya nikumbuke jambo la mwaka juzi. Kulikuwa na upimaji wa bure uwanjani, kijana kashika kipaza sauti anatangaza kwamba kupima kunapunguza vifo vya tezi dume kwa asilimia ishirini. Nilimwelewa hivi: katika kila wanaume mia wanaopima, ishirini wanaokoka. Niambieni nani angeelewa vingine. Kwenye bango kuna miraba miwili, kila mmoja una wanaume elfu. Kushoto hawakupimwa, vichwa vyeusi sita, wamekufa kwa saratani hii. Kulia wamepimwa, vichwa vyeusi vitano. Kutoka sita kwenda tano. Hesabu kamili, nesi alisoma nyuma ya bango, ni mtu 1.3 katika elfu, na ukilinganisha na wale sita na kitu waliokuwa wafe, ndiyo hiyo asilimia ishirini ya kijana wa kipaza sauti. Hakusema uongo. Ila mimi nimeshaandika PUNGUZO 50% kwenye vioo vya watu, najua namba inavyoweza kuwa ya kweli na bado ikakutia mfukoni. Swali ni asilimia hamsini ya bei ipi.

Kuna na wengine watatu katika elfu ambao kwa kupimwa saratani inazuiwa isisambae mwilini. Hao wamechorwa buluu, na kwangu hao ndio waliokuwa wazito kuliko wote. Kaka yangu, tumbo moja, alipelekwa Dar ugonjwa ukiwa umeshaingia kwenye mifupa. Nimemuuguza. Mtu akiniambia "watatu tu" sicheki.

Nilimuuliza nesi, hivi madaktari wenyewe wanaonyeshwa hivi vichwa, au wanajua tu? Akacheka. Akanisimulia kwamba mwaka 2007 Mjerumani mmoja, Gerd Gigerenzer, aliwapa madaktari 160 wa magonjwa ya wanawake swali la namna hii: mwanamke kipimo chake cha matiti kimelia, je, uwezekano ni kiasi gani kwamba kweli ana saratani? Walipewa asilimia zote za kupigia hesabu. Waliopata jibu walikuwa 21 katika kila mia. Akawafundisha kugeuza zile asilimia kuwa watu, kati ya wanawake elfu wangapi wana ugonjwa, wangapi kimelia bure, na waliopata wakafika 87 katika mia. Madaktari hao! Basi nami nisijilaumu kwa ya uwanjani.

Sasa ya kuisema kliniki, na bango lenyewe.

Kubwa kuliko yote ni yule mmoja aliyeokolewa. Vichwa vyote 999 ni ukubwa sawa, midomo imefungwa. Yeye kachorwa mara tatu ya wenzake, rangi ya kijani, anatabasamu meno nje. Hiyo ni mbinu ya kibao cha dawa ya meno, naijua, nimeifanya. Jicho linakwenda kwake kabla ya kwenda popote, na wale 140 wa manjano wanasahaulika. Kurasa tano za mwanzo zimechorwa na mtu mwaminifu, hii ya sita sijui nani kamshika mkono.

Pili, waliokufa kwenye ukurasa wa muhtasari wamegeuzwa kuwa wekundu, na aliyepona ni kijani. Mwenzangu wa bao, fundi gereji, ana miaka 66, nyekundu na kijani kwake ni kitu kimoja, huwa namsomea waya. Siku nilipompeleka aliutazama ukurasa ule akauliza, "Mbona wote wamekufa?"

Tatu, hesabu zimetoka wapi. Imeandikwa nyuma, upande wa nesi, kwa herufi za sisimizi: jopo la wataalamu wa kinga la Marekani, 2018, na majaribio makubwa yaliyotegemewa yalifanyika zaidi Ulaya. Sina ugomvi na hilo, ndizo hesabu walizonazo. Ugomvi wangu ni kwamba wale vichwa wamevishwa kofia za viua! Ukiwaona unasema hawa ni wa kwetu, huyu wa Chumbageni, yule wa Makorora. Kumbe ni wanaume wa mbali waliovalishwa kofia zetu. Na jopo lile lile lilisema kwamba wanaume weusi wanaathirika zaidi na ugonjwa huu, na mwenye baba au kaka aliyeugua naye ni hivyo, na kwamba ushahidi wa kujua kipimo kinawafaa kiasi gani watu hao ni haba. Hilo nesi alinieleza kwa mdomo baada ya kusikia habari ya kaka yangu. Lingekuwa upande wangu wa bango, kwa herufi ninazoweza kusoma bila miwani.

Nne, benchi. Siku zote mbili nilizokwenda, waliojaa pale nje ni wazee wa sabini na zaidi. Kwa umri huo, mtu asiye na dalili, jopo lilishauri asipimwe. Bango halina hata ukurasa mmoja wa kuwaambia. Nesi anawaambia yeye mwenyewe, mmoja mmoja, na siyo wote wanaondoka wameridhika. Mmoja alisema anabaguliwa.

Kurasa tatu za mwisho ni za akina mama, kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi. Hapo mchoraji alichoka au pesa iliisha. Kuna picha ya kizazi kama ua la baharini, na maelezo kwamba nesi anapaka siki, sehemu zenye mabadiliko zinageuka nyeupe, inaonekana kwa macho. Kama fundi wa rangi hilo limenivutia kweli kweli. Lakini vichwa hakuna. Wangapi siki inawapa weupe na hawana kitu? Wangapi wanaokolewa? Hakuna. Ni "Mama, njoo upime", basi. Mama watoto aliporudi kutoka Lushoto nilimsimulia, akasema ndivyo alivyofanyiwa yeye miaka iliyopita kwingine, aliambiwa panda kitandani. Mjukuu wetu wa miaka kumi ameshachanjwa shuleni, ile chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani hiyo, iliyoanza nchini 2018 kwa wasichana wa miaka 14 na tangu 2024 ni dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14, na hata yeye, anasema bibi yake, alielezwa zaidi.

Nilimchorea mama watoto vichwa vyangu kwa kalamu nyuma ya kalenda, siyo elfu, nilichoka kwenye safu ya nane nikaandika "na kuendelea". Akafuata kwa kidole mpaka kwa wale 50. Akauliza, "Na wake zao wamechorwa wapi?"

Sikuwa na jibu, na bango halina.

Huduma yenyewe kwa ufupi. Bango ni bure, kipimo nililipa elfu thelathini dirishani. Choo usiingie. Bango liko moja tu, na nesi anayelijua ni mmoja. Asipokuwepo linafungiwa kabatini na unapelekwa moja kwa moja kutolewa damu, jambo ambalo linaharibu maana yote. Ulizia kwanza kama yupo.

Fundi gereji, baada ya kuhakikishiwa kwamba siyo wote waliokufa, alirudia mara mbili ule ukurasa wa mstari unaofifia. Halafu akasema hapimi. Alisema ana mke mdogo na ana moyo mdogo, akiambiwa PSA iko juu hatalala mpaka kaburini, na kwa mmoja katika elfu yeye hachezi. Nesi akaandika kwenye daftari: ameelezwa, ameamua kutopima. Hakumbembeleza, hakumkunjia uso. Nilikuwa nimekaa pale, nimeona kwa macho yangu.

Mimi nilikuwa na kaka. Alhamisi nikapanda bajaji kutoka Mikanjuni, nikiwa na siku tatu bila baiskeli, moja ya ziada kwa usalama. Kabla ya yote nilimwambia nesi kwamba ule ukurasa wa sita niko tayari kuuchora upya bila malipo, kijana wa kijani awe saizi ya wenzake na afunge mdomo. Akasema atamuuliza mwenye kliniki. Mpaka leo sijajibiwa, rangi ninayo.

Akaandika chini ya jina la fundi gereji, kwa mwandiko ule ule: ameelezwa, ameamua kupima. Akachukua sindano. Halafu akainama kidogo, akaangalia pindo la suruali yangu.